Mwembamba Naye Ana Sukari

Kwa muda mrefu tumeambiwa, na tumeamini, kwamba kisukari ni ugonjwa wa mtu mnene wa mjini, anayeshinda ofisini, anayekula chipsi na kupanda gari hata kwenda dukani. Kwa picha hiyo, Gendabi haina la kuogopa. Kata hii ya wilaya ya Hanang imekaa kwenye miteremko ya mlima unaokaribia mita 3,420, na kazi za watu wake ni kulima, kuchunga na kupanda vilima kwa miguu. Lakini picha yenyewe ina kasoro, na kasoro hiyo inagharimu maisha ya watu wembamba.

Miaka ya 1980 Donald McLarty, daktari Mskoti aliyefundisha Muhimbili, alikwenda vijijini na wenzake wa Kitanzania kupima sukari watu zaidi ya 6,000. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1989: wenye kisukari hawakufika asilimia 1. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulipata asilimia 9.1. Umri wa waliopimwa haukuwa sawa, wala mazingira, kwa hiyo mtu asizigawe namba hizo na kutangaza kwamba ugonjwa umeongezeka mara kumi. Hata hivyo mwelekeo unaonekana. Kundi hilohilo la Muhimbili lilifuatilia pia wagonjwa wapya walioandikishwa kati ya 1981 na 1987. Kati ya waliohitaji insulini, karibu watatu katika kila kumi hawakumaliza miaka mitano, na kilichowaua zaidi ni sukari iliyopanda hadi damu ikajaa asidi. Dawa ya kuzuia kifo hicho ilikuwa imeshapatikana duniani tangu 1922.

Tangu hapo uelewa wa nani anaugua, na kwa nini, umebadilika. Huko Mwanza, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), akiwemo George PrayGod, walishirikiana na Suzanne Filteau wa London na Henrik Friis wa Copenhagen kufuatilia watu wazima takriban 1,900, wenye VVU na wasio na VVU. Vitabu vinafundisha kwamba kwa mtu mzima sukari hupanda hasa kwa sababu mwili unaikaidi insulini: kongosho linaitengeneza, ila misuli na ini haviitikii, na mafuta ya tumboni huzidisha ukaidi huo. Mwanza walikuta kwamba kwa wengi tatizo liko kwenye kongosho lenyewe. Halitoi insulini ya kutosha. Na wengi wa watu hao hawakuwa wanene.

Tofauti hii inabadilisha tiba. Mtu mnene ambaye mwili wake unaikaidi insulini huambiwa apunguze wanga na apunguze uzito, na ushauri huo unamsaidia kweli. Ukimpa ushauri uleule mkulima wa kilo 48 unamnyima chakula mtu ambaye ugonjwa wake huenda ulianza kwa kukosa chakula.

Aprili 2025, kwenye mkutano wake wa Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikitambua rasmi kisukari aina ya tano, kile kinachotokana na utapiamlo. Humpata zaidi kijana mwembamba, mara nyingi kabla hajafika miaka 30. Wagonjwa wake wanakadiriwa kuwa milioni 20 hadi 25 duniani, wengi wao Asia na Afrika. Si ugunduzi mpya. Daktari Philip Hugh-Jones aliueleza ugonjwa wa namna hiyo huko Jamaika mwaka 1955. Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha yake mwaka 1985, kisha likauondoa mwaka 1999 kwa hoja kwamba ushahidi hautoshi. Maoni yangu ni kwamba ushahidi haukutosha kwa sababu wagonjwa wake wanaishi pale ambapo vipimo ni adimu. Mwaka 2022 timu ya Meredith Hawkins wa New York na madaktari wa Vellore, India, ilipima kwa makini na kuonyesha kwamba vijana hawa wana upungufu mkubwa wa insulini, ilhali miili yao haiikaidi. Kwa hiyo dozi kubwa ya insulini inaweza kuwashusha sukari ghafla na kuwaua, hasa siku ambayo nyumbani hakuna chakula cha jioni.

Mwaka huohuo wa 2025 zilitoka habari kutoka kwa Waafrika wenzetu. Utafiti wa Uganda, Kamerun na Afrika Kusini uliwachunguza watu 894 walioanza kuugua wakiwa watoto au vijana, na ambao walikuwa wakitibiwa kama wagonjwa wa aina ya kwanza. Takriban asilimia 65 hawakuwa na zile alama za damu zinazoonyesha kwamba kinga ya mwili imelishambulia kongosho. Maana yake, wengi wa vijana tunaowaita wagonjwa wa aina ya kwanza huenda wana ugonjwa mwingine unaofanana nao.

Habari hizi zinauhusu sana mkoa wetu wa Manyara, zilipo Hanang na Mbulu. Milima hii si ngeni kwa watafiti. Wahadzabe wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, na wenzao wa kandokando ya Ziwa Eyasi wamepimwa kwa miaka mingi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake waliandika kwamba Mhadzabe, pamoja na kutembea kwake kote, hutumia nishati kwa siku sawa na mtu wa Magharibi mwenye mwili wa ukubwa uleule. Ni kazi nzuri na siipingi. Ila swali lililowaleta watafiti lilihusu unene wa mataifa tajiri, na mtu wa Mbulu alikuwa njia ya kulijibu.

Utafiti wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom umetugusa sisi wenyewe. Hospitali hiyo ya Mbulu, iliyofunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norwei, ilikuwa moja ya vituo vinane vya mradi wa MAL-ED katika nchi nane. Kuanzia mwishoni mwa 2009 watoto wachanga wa vijiji vya jirani waliandikishwa, wakapimwa urefu, uzito, kinyesi na chakula hadi walipotimiza miaka miwili. Kiwango cha udumavu cha Haydom kilikuwa miongoni mwa vya juu kabisa katika vituo vyote vinane. Mradi ulionyesha pia kwamba vimelea vya tumboni hudumaza mtoto hata asipoharisha, jambo ambalo mama hawezi kuliona kwa macho.

Kisha ukaja utafiti wa ELICIT. Watoto 1,188 waliandikishwa mwaka 2017 na 2018 wakiwa hawajamaliza wiki mbili tangu kuzaliwa. Waliongoza kazi hiyo Mark DeBoer wa Chuo Kikuu cha Virginia, ambaye ni daktari wa homoni za watoto, na Estomih Mduma wa Haydom. Watoto walipewa dawa za kuua vimelea, au vitamini ya jamii ya B3 iliyoanza kupitia kwa mama anayenyonyesha, au vyote viwili, au dawa bandia ya kulinganishia. Walipofika miezi 18 urefu wao haukutofautiana. Jibu hilo linauma, lakini lilichapishwa wazi, na linatuambia kwamba njaa ya muda mrefu na mazingira machafu hayafutwi kwa vidonge.

Njaa ya milimani kwetu ina historia. Miaka ya 1970 na 1980 malisho ya Wabarbaig katika tambarare za Basotu yaligeuzwa mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, kwa msaada wa Kanada. Ng'ombe wakikosa malisho, maziwa ya watoto nayo hupungua. Mtoto aliyekosa maziwa miaka ile ni mtu mzima leo, na kongosho lake halijawahi kuulizwa lilijengwa kwa chakula gani.

Wakati kongosho limeanza kusikilizwa, tezi za adrenali, zile mbili ndogo zinazokaa juu ya figo, bado hazina wa kuzisemea. Kazi yao mojawapo ni kutoa kotisoli, homoni inayopandisha sukari pale insulini inapoishusha, inayoshikilia presha na kuusaidia mwili kustahimili ugonjwa na mshtuko. Thomas Addison wa London alieleza kufa kwa tezi hizi mwaka 1855, na baadhi ya wagonjwa wake walikuwa na kifua kikuu (TB). Ulaya ya leo kisababishi kikuu ni kinga ya mwili kujishambulia. Kwetu TB bado ipo, na VVU bado vipo. Utafiti wa Hospitali ya Mulago, Kampala, uliochapishwa mwaka 2007, uliwapima watu 113 wenye VVU waliolazwa wakiwa mahututi. Takriban mmoja kati ya watano alikuwa na kotisoli isiyolingana na hali aliyokuwa nayo.

Fikiria sasa mgonjwa wa TB anayeanza dawa. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, huliharakisha ini kuivunja kotisoli. Mgonjwa ambaye tezi zake zimeshaliwa na TB anaweza kuzidiwa katika wiki za mwanzo za dawa yenyewe: anatapika, anaishiwa nguvu, sukari na presha vinashuka. Familia itasema dawa ni kali. Mhudumu atasema TB imekuwa sugu. Kumbe haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, ingemwinua.

Kumshuku mgonjwa huyu hakuhitaji maabara kubwa. Mpime presha akiwa amelala, kisha msimamishe umpime tena. Ikianguka sana, jiulize. Kwa ngozi yetu nyeusi weusi mpya wa usoni ni rahisi kuupuuza, kwa hiyo mwambie afungue mdomo utazame fizi, halafu mistari ya viganja. Muulize kama siku hizi anatamani chumvi. Kama ana kisukari na dozi ya insulini aliyoizoea kwa miaka sasa inamwangusha, usimlaumu kwamba hali vizuri. Hizo ni dakika kumi za kazi, na mashine ya presha inatosha kuzianza.

Kwa watoto wachanga ushahidi ni wa kusikitisha zaidi. Kuna maradhi ya kuzaliwa nayo ambapo tezi hizi hazitengenezi kotisoli na badala yake hutoa homoni za kiume kupita kiasi. Msichana huzaliwa na maumbile ya siri yanayotatanisha, kwa hiyo wakunga huona na humpeleka hospitali. Mvulana huonekana mzima. Wiki ya pili au ya tatu anatapika, anakauka maji na kufa, na kifo kinaandikwa kuharisha au maambukizi. Ndiyo maana penye uhaba wa vipimo kliniki huona wasichana wengi kuliko wavulana, ingawa maradhi haya hayachagui jinsia. Tangu 2008 kituo cha Nairobi kimefundisha madaktari wa homoni za watoto kutoka nchi nyingi za Afrika, Watanzania wakiwemo. Wachache hao hawawezi kufika kila mlima.

Madhara mengine tunajiletea wenyewe. Prednisoloni na deksamethasoni, dawa za jamii ya steroidi, zinanunuliwa bila cheti kwa maumivu ya viungo, kwa pumu, hata kwa kutaka kunenepa, na baadhi ya krimu za kujichubua zina steroidi. Dawa hizi zinapandisha sukari huku zikizilaza tezi za adrenali. Anayezitumia kwa miezi kisha akaziacha ghafla anaweza kuanguka na asiinuke.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang, vikapiga Katesh na vijiji vya miteremkoni, Gendabi ikiwamo. Zaidi ya watu 80 walifariki. Nyumba ikienda, chupa ya insulini nayo inakwenda, na wanaoitegemea kabisa huhesabu siku. Mwenye upungufu wa kotisoli yuko hatarini zaidi, kwa sababu majeraha na mshtuko humtaka aongeze dozi ya dawa ambayo imezikwa topeni. Mipango ya maafa hukumbuka mahema na unga; iorodheshe pia insulini na haidrokotisoni. Wala ukosefu wa friji usiwe sababu ya kuinyima kaya insulini. Utafiti wa kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba insulini iliyokaa wiki nne kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu zake. Miteremko ya Hanang ina baridi kuliko huko.

Watoto wa kwanza wa MAL-ED ni vijana sasa, wanaelekea umri ambao kisukari cha utapiamlo hujitokeza. Urefu wao, magonjwa yao na chakula chao cha miaka miwili ya mwanzo vimeandikwa kuliko vya vijana wengi wa vijijini Afrika. Naiomba Haydom, NIMR na Wizara ya Afya wawatafute, kwa ridhaa yao na ya wazazi wao, wawapime sukari na insulini, na watakaokutwa wagonjwa watibiwe bila malipo. Upimaji huo uvuke mpaka wa wilaya na kufika Gendabi. Na wewe msomaji, ukimwona kijana mwembamba anakunywa maji bila kukata kiu, anakojoa usiku kucha na suruali inazidi kumpwaya, usimwambie hawezi kuwa na sukari kwa kuwa hana kitambi. Mpeleke akapimwe leo.