Sifa za majirani hazilipi deni: jaribu kidogo kabla ya kukopa

Kila mara AVEC inapogawa mikopo, maneno ni yaleyale. Mama anasimama, anasema: nataka feza nianze kutengeneza sabuni ya mawese, ao niuze uji wa sosoma, ao nifungue meza ya nguo za watoto. Wenzake wanamuuliza atalipa lini. Ni mara chache wanamuuliza: nani amekwisha kuinunua?

Juma hili tuzungumze juu ya swali hilo, kwa sababu feza ya AVEC si ya mtu mmoja. Ni akiba ya wamama wote wa kundi, na nyuma ya kila hisa kuna minervali ya mtoto, dawa ya mgonjwa ao unga wa nyumbani. Biashara ikianguka, deni halianguki pamoja nayo.

Walivyofikiri na walivyoona

Sisi wote tunaijua M-Pesa. Hapa Kongo ilifika mwaka 2012, lakini ilizaliwa Kenya, na mwanzoni haikuwa kama tunavyoijua leo. Wazo la kwanza lilikuwa kuwasaidia watu wenye biashara ndogo walipe mikopo yao kwa simu. Vodafone ya Uingereza na Safaricom ya Kenya walishirikiana na Faulu Kenya, shirika la mikopo midogo. Kwa upande wa Vodafone, walioongoza kazi ni Nick Hughes na Susie Lonie.

Hawakuanza na nchi nzima. Mwezi wa 10 mwaka 2005 walichukua wateja wapatao 500 na maduka manane tu, katika sehemu za Nairobi na katika mji wa Thika. Kisha wakakaa miezi kadhaa wakitazama watu wanafanya nini.

Watu walilipa mikopo, ndiyo, lakini walifanya na mengine ambayo hakuna aliyewaambia. Wafanyabiashara walilipana wao kwa wao. Wengine waliweka mauzo ya siku ndani ya simu ili feza isilale nyumbani. Wengine waliweka feza kabla ya safari, wakaitoa walipofika, ili mwizi wa njiani asipate kitu. Na wengine waliwatumia feza ndugu zao walio mbali.

Waanzilishi wangeweza kusema: hawa watu wanaitumia vibaya. Hawakusema hivyo. Waliona kwamba haja kubwa ya watu ni kutuma feza nyumbani, wakabadilisha kazi yao ifuate haja hiyo. Mwezi wa 3 mwaka 2007 M-Pesa ilifunguliwa kwa Kenya yote, na malipo ya mikopo hayakuwa tena kiini chake. Kabla ya mwaka huo kwisha, watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamejiandikisha.

Mnamo 2010 M-Pesa ilipelekwa Afrika Kusini, wakitumaini kupata wateja milioni 10. Huko haikupata watu wa kutosha, na mwaka 2016 ilifungwa. Waafrika Kusini wengi walikuwa tayari na akaunti za benki. Shida ya Mkenya haikuwa shida yao. Kwa hiyo mama akisema, "Nimeona Bukavu inauzwa sana," ao "Bujumbura wanaigombania," ni habari nzuri, lakini Uvira bado haijajibu.

"Ni nzuri, mama" si jibu

Desturi yetu ni kumheshimu anayetupa kitu. Ukimwonjesha jirani uji wako, atasema ni mtamu hata kama sukari imezidi. Dada yako atakusifu kwa sababu anakupenda. Si uongo wa ubaya, ni adabu. Lakini adabu hainunui kikombe cha pili.

Darasani tunalijua sana jambo hili. Mwalimu akiuliza, "Mmeelewa?" watoto wote wanajibu, "Ndiyo!" Akitoa zoezi, ndipo anajua nani ameelewa. Biashara nayo inataka zoezi. Usiulize mtu anafikiri nini, tazama anafanya nini.

Mfano wa sabuni ya mawese

Tuseme unataka kutengeneza sabuni. Badala ya kukopa feza ya bidoni nyingi za mawese, tengeneza kiasi kidogo kwa feza yako mwenyewe, vipande 20 ao 30. Sude inaunguza ngozi na macho, kwa hiyo iweke mbali na watoto, na sabuni iache ikauke na kukomaa wiki nne hivi kabla ya kumpa mtu. Kisha fanya hivi:

1. Kabla ya kuonyesha sabuni yako, uliza juu ya mambo yaliyokwisha kutendeka. "Sabuni ya mwisho ulinunua wapi? Kwa bei gani? Ilimalizika kwa siku ngapi? Nini hakikukupendeza?" Mtu hawezi kukusifu kwa majibu hayo, atakuambia tu maisha yake.

2. Tafuta watu wasiokujua. Toka nje ya parsele yako na ya kanisa lako. Mama mwenye watoto wengi, mama anayefua nguo za watu, mwenye mgahawa anayeosha sahani kutwa: kila mmoja ana haja yake.

3. Uza, usigawe. Cha bure hakina mtu anayekikataa. Hata bei ndogo inamfanya mtu afikiri kabla ya kutoa franga zake.

4. Omba ruhusa utazame anavyoitumia. Je, anaikata vipande? Povu linatoka katika maji ya robine? Na katika maji ya ziwa? Inalainika upesi ikiachwa katika besani? Labda uliifikiria kwa kufua, kumbe yeye anaogeshea watoto. Usimsahihishe. Andika.

5. Ngoja ununuzi wa pili. Mara ya kwanza mtu hununua kwa kutaka kujua ao kwa huruma. Akirudi mwenyewe bila wewe kumwita, hapo una mteja.

6. Badilisha jambo moja kwa wakati. Ukibadilisha harufu, ukubwa na bei siku moja, hutajua ni kipi kilichosaidia.

Daftari ndogo inatosha: tarehe, nani alinunua, bei, alisema nini, alirudi ao hakurudi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Ni kweli, lakini anayejua kama ni kizuri ni mnunuzi, si mtengenezaji.

Ikikataliwa je?

Kama katika watu 20 waliorudi ni wawili tu, usione haya. Umepoteza vipande vichache vya sabuni, na hukupoteza akiba ya kundi. Waulize wale wawili kwa nini walirudi. Pengine katika jibu lao kuna biashara nyingine, kama Kenya ilivyoonekana katika kutuma feza. Na wale 18, sikiliza bila kujitetea. Mama anayekuambia ukweli juu ya sabuni yako amekusaidia kuliko kumi wanaokusifu.

Kazi ya AVEC

Kundi linaweza kusaidia bila kumvunja mtu moyo. Kwa biashara mpya, kamati iombe kuona daftari kabla ya mkopo mkubwa. Asiye na daftari apewe mkopo mdogo wa kujaribu, unaoweza kulipwa hata kama jaribio halikufaulu. Na wanakundi wasiwe ndio wajaribiwa, kwa sababu sisi ni marafiki zake, tutamsifu.

Katika mkutano ujao, kila mama mwenye wazo aje na majibu ya watu watano ambao si ndugu zake wala wa kundi lake: mara ya mwisho walinunua nini, wapi, na kwa bei gani. Tuyasome pamoja kabla sanduku halijafunguliwa.