Umenunua preshakuka ya stima, sasa ulipie darasa la kuitumia?

Hebu tuongee ukweli. Ile preshakuka ya stima uliyonunua kwa mpango wa lipa pole pole, iko wapi sasa hivi? Kama iko juu ya friji ikiwa imefunikwa kitambaa, au bado imelala kwa boksi yake chini ya kitanda, basi makala haya ni yako. Na kama ni eafraya ambayo kazi yake hadi leo ni kupasha moto chipo za jana, pia wewe kaa hapa tuongee.

Kuna biashara inayokufuata wewe haswa. Ukishanunua kifaa, simu inaanza kukuletea matangazo ya madarasa: siku moja, wikendi mbili, ama video za kulipia, ufundishwe kupika kwa hicho kifaa chako. Mwingine anakuja hadi kwako. Mwingine anataka mkutane Bungoma mjini au Kitale, mpike pamoja, mle, mpige picha, mwende nyumbani na cheti. Bei inatofautiana, lakini kwa kijana anayeishi keja ya chumba kimoja Webuye au pale Lugulu kando ya barabara ya kwenda Kitale, hata Sh3,000 ni pesa ya kufikiria mara mbili. Hiyo ni unga, mafuta na tokeni.

Kwa hivyo swali ni rahisi: inafaa ama ni kuchomwa tu?

Anza na hesabu

Chukua githeri. Tuseme kila uniti ya stima inakugharimu Sh30 ukijumlisha kodi na ada zake. Ukichemsha mahindi na maharagwe makavu kwa koili ya wati 1,000 kwa saa mbili na nusu, umekula uniti mbili na nusu. Hiyo ni Sh75. Preshakuka ya wati 1,000 haivuti stima muda wote. Ikishajaza presha inazima na kuwaka yenyewe. Sufuria hiyohiyo ya githeri inaweza kuiva kwa takriban nusu uniti, yaani Sh15. Umeokoa Sh60.

Sasa gawanya. Darasa la Sh3,000 ni sawa na akiba ya sufuria 50 za githeri. Ukipika githeri mara moja kwa wiki, ni karibu mwaka mzima. Ukipika mara mbili, ni miezi sita.

Lakini angalia vizuri: hiyo akiba imeletwa na kifaa, si darasa. Kitufe cha maharagwe kiko pale mbele na kijitabu kinakuambia ubonyeze. Darasa linastahili kuhesabiwa tu kwa kile ambacho usingekijua bila hilo darasa. Hapo ndipo watu wengi hupotezwa. Wanaonyeshwa uzuri wa kifaa, wanadhani wameona uzuri wa masomo.

Bure ilikuwepo kabla ya kulipia

Mafunzo ya aina hii si mapya, na kwa historia yake yamekuwa ni sehemu ya mauzo. Uingereza, karne moja iliyopita, kampuni za gesi na za umeme ziliajiri wanawake wa kuonyesha upishi ili watu waache majiko ya makaa. Mwaka 1924 kikaanzishwa huko chama cha wanawake na umeme, Electrical Association for Women, kilichofundisha akina mama matumizi ya stima nyumbani. Kampuni ya Vorwerk ya Ujerumani mpaka leo huuza mashine yake ya Thermomix kwa wakala kuja kupika mbele yako. Hulipi darasa, gharama yake imo ndani ya bei ya mashine.

Hapa kwetu Kenya Power ina kampeni yake ya Pika na Power, ambapo wapishi huonyesha umma namna ya kupika vyakula vya kawaida vya Mkenya kwa vifaa vya stima. Kampuni hiyo haifanyi hivyo kwa sababu inakupenda sana. Ukipika kwa stima, inauza stima. Na hakuna ubaya. Wewe chukua maarifa.

Funzo ni hili: kabla hujalipa mtu baki, rudi kwa aliyekuuzia. Muulize, "Boss, nikinunua hapa mtanionyesha?" Muuzaji mwenye akili atakuwashia palepale dukani. Hiyo haki unaiomba kabla ya kutoa pesa. Ukishatoa, sauti yako inapungua.

Vitu ambavyo huhitaji kulipia

Kuna maarifa ambayo yakikosekana mtu anaungua, na haya hayafai kuuzwa kama siri. Shika haya:

Usijaze preshakuka kupita theluthi mbili. Kwa maharagwe, njugu na nafaka zinazofura na kutoa povu, ishia nusu.

Kifuniko kikikataa kufunguka, usikilazimishe. Ndani bado kuna presha. Subiri kile kipini kidogo cha usalama kishuke chenyewe.

Osha mpira wa kifuniko na utazame tundu la mvuke kila baada ya kupika. Ganda moja la haragwe linaweza kuliziba.

Soketi zetu ni za ampea 13, maana yake mzigo wa takriban wati 3,000 basi. Ukichomeka eafraya ya wati 1,500 na birika la wati 2,000 kwa ekstensheni moja, umepita. Harufu ya plastiki ikianza, moto hauko mbali.

Maharagwe mekundu yana sumu asilia ambayo huisha kwa moto mkali. Kama kifaa chako kina kitufe cha kupika polepole, usitupe humo maharagwe mabichi na kwenda kazini. Yaloweke, mwaga maji, kisha yachemshe kwa nguvu. Dakika 10 ni kiwango cha chini kabisa na 30 ndiyo salama zaidi. Presha ya kawaida haina shida hii kwa sababu joto lake ni kali.

Hayo yote yamo kwenye vijitabu, ila maandishi ni madogo na mara nyingine lugha ni ya kutatanisha. Kama mwalimu anakuuzia haya tu, funga mfuko.

Kile ambacho mwalimu wa mbali hajui

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu hili linawahusu watu wa huku.

Maji Mombasa huchemka kwa nyuzi 100. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka karibu nyuzi 94. Bungoma mjini, kwenye mita 1,400 hivi, ni karibu nyuzi 95. Ndiyo maana maharagwe ya kwa kukhu yako huchukua kuni nyingi vile. Si uzee wa maharagwe peke yake, ni mlima. Preshakuka inapandisha joto hadi kupita nyuzi 110, kwa hivyo inatufaa sisi kuliko inavyomfaa mtu wa pwani.

Lakini presha nayo huathiriwa na mwinuko. Kanuni inayotumika na wapishi ni hii: ukipita mita 600, ongeza asilimia tano ya muda kwa kila mita 300. Piga hesabu ya Kitale: ni kama asilimia 20. Kijitabu kikisema dakika 30, wewe weka 36. Bungoma weka 34. Lugulu na Webuye ziko kati ya hizo. Ukinunua video za mtu anayepikia Mombasa na maharagwe yako yatoke magumu, hujakosea wewe na kifaa si kibovu. Mko tu kwenye miinuko tofauti.

Pili ni chakula chenyewe. Madarasa mengi ya mitandaoni yanafundisha mabawa ya kuku ya kukausha, keki na pasta. Wewe unakula nini Jumanne usiku? Ugali na mrenda. Sasa ugali haupendi preshakuka: chungu chake cha ndani kinazunguka ukisonga, na mwiko unakwaruza ile rangi nyeusi. Mrenda huiva kwa dakika chache tu na povu lake linapanda. Hauna haja ya presha wala kifuniko cha kufunga. Chapati ni ya kikaango, basi.

Vitu vinavyofaidika ni vile vigumu: githeri, maharagwe, matumbo, na ile ingokho ya kienyeji iliyokimbia boma lote kabla ya kushikwa. Eafraya nayo ni ya viazi vitamu, samaki na nyama iliyokwisha kuchemshwa. Kwa hivyo, kabla hujalipa, omba orodha ya vyakula. Kama katika vyakula kumi unavyofundishwa wewe huwa unakula viwili, umelipa bei ya vinane vya kupiga picha.

Tatu ni tokeni. Tangu Aprili 2023, bei ya stima ya nyumbani imegawanywa kwa ngazi: wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, wa 31 hadi 100, na wanaopita 100. Ngazi yako hupangwa kwa wastani wa miezi mitatu iliyopita. Kijana wa chumba kimoja mwenye taa, simu na redio anaweza kuwa ngazi ya chini. Akianza kupika kila siku kwa nusu uniti, hiyo ni uniti 15 zaidi kwa mwezi, na huenda akapanda ngazi bila kujua. Bado inaweza kuwa nafuu kuliko makaa, lakini ifanyie hesabu. Na kama mita ni ya landlodi, uliza kwanza anauza uniti kwa ngapi. Ukienda darasani, mwulize mwalimu swali hili. Akikwepa, yeye anauza vifaa.

Nani alipe?

Si kusema madarasa yote ni bure kabisa. Kuna watu watatu ambao naona wanaweza kulipa na wasijute.

Wa kwanza ni yule anayeogopa kifaa. Ule mlio wa mvuke unakufanya ukimbie? Hofu haiondolewi na video. Inaondolewa na mtu aliyesimama kando yako ukifungua kifuniko kwa mkono wako mwenyewe. Saa mbili za namna hiyo zinaweza kuokoa kifaa cha maelfu kisigeuke pambo.

Wa pili ni anayepikia mgonjwa, mzazi mwenye kisukari au presha ya damu kwa mfano, na darasa linafundishwa na mtaalamu wa lishe. Hapo unalipia ujuzi wa lishe; kifaa ni kisingizio.

Wa tatu ni anayetaka kuuza chakula. Lakini wewe kuwa makini zaidi ya wote. Cheti cha darasa la wikendi si cheti cha kazi. Ukitaka karatasi inayotambuliwa, kuna mitihani ya ufundi ya NITA, na kuna kozi za upishi katika vyuo vya umma, ikiwemo Kitale National Polytechnic. Na hata uwe na vyeti kumi, afisa wa afya wa kaunti ataulizia leseni na kile cheti cha afya cha mtu anayeshika chakula. Hiyo Sh3,000 huenda ikafanya kazi zaidi ikianzia huko.

Darasa la kujipangia

Kama wewe si mmoja wa hao watatu, jaribu hili. Kusanya mbogi ya watu watano, kila mtu atoe Sh300. Hiyo ni Sh1,500. Nunueni maharagwe, kuku mmoja mdogo mkigawana na salio, na viazi vitamu kutoka shambani kwa mmoja wenu. Mtafute mtu mmoja mtaani ambaye tayari anaitumia preshakuka yake kila siku. Huyo ndiye mwalimu, na malipo yake ni kula na asante. Kisha mkaribishe senge wa mmoja wenu, yule anayejulikana kwa mkono wa jikoni. Yeye hajui vitufe, lakini anajua munyu unaingia lini na kuku ameiva vipi kwa kumbonyeza tu. Nyinyi mnajua vitufe lakini hamjui kupika. Tuambiane ukweli, kwa wengi wetu shida si kifaa. Shida ni kwamba tulitoka nyumbani kabla ya kujifunza, na sasa tunatarajia mashine itufundishe.

Hakuna aibu hapo. Kuuliza si ujinga. Ila ujue unachokosa kabla ya kukilipia. Ukikosa ujasiri wa kufungua kifuniko, lipia saa mbili. Ukikosa mapishi, mpigie mama simu. Dakika tano za kifurushi zinatosha. Ukikosa wakati, hakuna darasa litakalokuuzia.

Wikendi hii toa hicho kifaa kwa boksi. Loweka maharagwe usiku, weka maji, ishia nusu ya chungu, ongeza zile dakika za mlima. Andika ulichoweka na jinsi yalivyotoka. Fanya hivyo mara tatu. Kama baada ya mara tatu bado umekwama mahali, utakuwa na swali kamili la kumpelekea mwalimu, na utajua kama jibu lake lina thamani ya Sh3,000 zako.