Mel Stottlemyre: bega lilikufa, kazi ikabaki

Leo tuweke soka pembeni kidogo. Nataka niwasimulie habari za mzee mmoja wa Marekani, Mel Stottlemyre, mrushaji wa besiboli. Nampenda kwa sababu moja: enzi zake za uchezaji hakuwahi kuonja ubingwa. Alikuja kuupata mara tano, wakati mkono wake ulishagoma kitambo.

Kwa wale wasioujua mchezo huu, mrushaji ndiye anayeanzisha kila kitu. Anasimama kwenye kituta katikati ya uwanja, anamrushia mpira mpigaji mwenye gongo, umbali wa mita 18 hivi. Silaha ya Stottlemyre ilikuwa mpira unaozama: unakuja umenyooka, ukimkaribia mpigaji unashuka ghafla. Jamaa anaugonga kwa juu, unabiringika chini, wenzake wanauokota. Kazi kwisha.

New York Yankees walimpandisha Agosti 1964 akiwa na miaka 22. Akashinda mechi 9, akapoteza 3, timu ikaingia fainali dhidi ya St. Louis Cardinals. Mechi ya saba, ile ya kuamua, kijana akapewa mpira akiwa amepumzika siku 2 tu. Wakalala 7-5.

Nani alijua kwamba hiyo ndiyo fainali yake ya mwisho kama mchezaji? Yankees wakaporomoka. Yeye akaendelea kurusha mpaka akafikisha ushindi wa mechi 164. Mwaka 1974 misuli ya bega ikachanika, na Machi 1975 timu ikamwacha. Mwaka 1976 Yankees hao hao wakarudi fainali, bila yeye! Halafu 1981 mwanawe Jason, mtoto wa miaka 11, akafariki kwa saratani ya damu.

Mwingine angekata tamaa. Yeye mwaka 1984 akaanza kazi New York Mets, kocha wa warushaji.

Kocha huyu hafundishi timu nzima. Kazi yake ni mikono ya warushaji tu: anahesabu mipira waliyorusha, anaangalia kama kiwiko kimeanza kushuka, anatembea mpaka kwenye kituta kumtuliza kijana aliyepaniki, anamnong'oneza kocha mkuu kwamba fulani kachoka, mtoe. Nani aijue kazi hiyo kuliko mtu aliyechanika bega?

Mets wakatwaa ubingwa 1986. Kuanzia 1996 akawa na Yankees, wakabeba 1996, 1998, 1999 na 2000. David Wells mwaka 1998 na David Cone mwaka 1999, wote vijana wake, kila mmoja alimaliza mechi nzima bila mpigaji hata mmoja kufika beisi ya kwanza.

Mwaka 2000 akagundulika ana saratani ya uboho. Akatibiwa, akarudi, akafanya kazi Yankees mpaka 2005. Juni 2015 klabu ikamfanyia sapraizi uwanjani: bao la kumbukumbu lenye jina lake. Alifariki Januari 2019, miaka 77.

Sisi mchezaji akiumia tunasema "huyo kaisha", tunamsahau. Mimi naona tunatupa shule nzima. Au wenzangu mnaonaje?