Msitu Una Wenyewe

Kwenye miteremko ya kaskazini na mashariki ya Mlima Kenya, kuanzia Timau na Imenti, kupitia Chogoria na Chuka, hadi Runyenjes na Manyatta, mtu hapiti vijiji vingi kabla ya kukuta kamati ya msitu au kamati ya mto. Wanakamati ni watu wa kawaida: mwalimu mstaafu, mama mwenye kitalu cha miche, mfugaji nyuki, kijana wa bodaboda, mkulima wa chai mwenye nusu ekari. Mshahara hakuna. Posho ikipatikana ni ya nauli na chai. Hata hivyo mtu akichaguliwa hukubali, na akishakubali, kazi hiyo humfuata hadi sokoni na kanisani. Watu humwita mtu wa msitu, naye huulizwa habari za msitu kama vile mwingine anavyoulizwa habari za ng'ombe wake.

Kwenye makaratasi, vyombo hivi vimezaliwa na sheria. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliruhusu wakazi wa kandokando ya msitu kuunda chama, CFA, na kutia saini makubaliano na Shirika la Huduma za Misitu, KFS, ili wautunze pamoja. Sheria ya mwaka 2016 iliyachukua mambo hayo na kuyaendeleza. Kwa upande wa maji, Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilitambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, WRUA. Kabla ya hapo mambo yalikuwa mabaya. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliutangaza msitu wa mlima kuwa mali yake, na tangu siku hizo mwanamke wa Embu aliyeingia kuokota kuni bila kibali alihesabiwa mhalifu. Wenye misumeno ya injini na malori walipita njia nyingine. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilipochunguza msitu kutoka angani lilikuta zaidi ya mikafuri 6,700 imekatwa, ule mti ambao wenyeji huuita muthaiti, pamoja na matanuri ya makaa kwa maelfu na mashamba ya bangi katikati ya miti ya asili. Mwaka uliofuata msitu ukapewa hadhi ya hifadhi ya taifa. Hata hivyo askari peke yao hawakutosha, na ndipo ikaja sheria ya mwaka 2005.

Lakini sheria haisemi kwa nini mtu mzima aache kupalilia kahawa yake akakae kikao cha saa nne nzima kuhusu mti ambao si wake. Jibu la swali hilo liko kwenye mila, na huko ndiko nataka kukaa kidogo.

Wameru wana Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee, ambalo nyumba yake iko Nchiru, Tigania. Waembu wana Nyangi Ndiriri. Katika Njuri mtu haombi kura. Hutazamwa kwa miaka: anavyoishi na mkewe, anavyolipa madeni, anavyonyamaza. Akionekana anafaa, huitwa, hulipa anachotakiwa, huapishwa, na tangu siku hiyo hawezi tena kupayuka ovyo. Mashauri ya ardhi, mipaka, maji na malisho yaliletwa kwa wazee wa aina hiyo, nao walisikiliza mmoja mmoja mpaka wote wakubaliane. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 159, inazitaka mahakama kukuza njia za jadi za kusuluhisha migogoro, na wazee wengi wanaijua ibara hiyo kwa nambari yake.

Wazee hao hao walikuwa na mahali pasipoguswa. Karibu na Runyenjes kuna kichaka cha Mwenendega, ambaye Waembu humtaja katika masimulizi kama baba yao wa kwanza. Wameru wana msitu wa Giitune, na ndani ya msitu wa Imenti wana ziwa Nkunga, ziwa la kasoko ambalo masimulizi yanasema lina nyoka mkubwa. Chini ya mugumo, mtini mkubwa uliohesabiwa mtakatifu, watu walichinja kondoo, wakaomba mvua, wakapatana baada ya ugomvi. Aliyekata tawi mahali hapo alijua kwamba hatalala vizuri, na kama mazao ya kijiji yangekauka mwaka ule, angejulikana ni nani.

Nisiwasifu wazee kupita kiasi. Mila haikulinda kila mti. Ililinda vichaka, chemchemi na vilele vya vilima. Kwingineko watu walifyeka na kuchoma ili wapate mahali pa mtama, wimbi na viazi vikuu, na hawakuona aibu. Kilichokuwa na thamani ni kwamba jamii ilijua kusema hapa basi, na neno hilo likasimama hata kwa mtu mwenye njaa. Baadaye likadhoofika kutoka pande mbili. Wahubiri wengi walifundisha kwamba mugumo ni mti wa mashetani, na waumini wapya wakaukata ili waonyeshe imani yao. Kisha, kuanzia miaka ya 1950, ardhi ikapimwa na kupewa hatimiliki, na huko Mbeere kazi hiyo ikafika katika miaka ya 1970. Kichaka kilichokuwa cha ukoo kikaangukia ndani ya nambari ya shamba la mtu mmoja. Mwenye shamba alihitaji karo ya shule; mbao ziliuzika. Naamini hatimiliki iliumiza vichaka hivyo kuliko mahubiri, kwa sababu Mkristo wa Meru aliweza kuacha kuabudu chini ya mti na bado akaogopa kuukata, lakini karatasi ya ardhi ilimwambia kwamba uamuzi ni wake peke yake.

Kamati za leo zimerudisha uamuzi kwa watu wengi. Chama cha msitu kimejengwa kwa vikundi vya watumiaji: wakata majani ya mifugo, waokota kuni, wafugaji nyuki, wenye vitalu, wenye maji, na wale wanaolima viazi na maharagwe katikati ya miche ya serikali mpaka miche ikue na kufunga kivuli. Kila kikundi hutuma watu wake kwenye kamati. Kikao huanza kwa maombi, maana wengi wao ni wa kanisa, halafu kumbukumbu za kikao kilichopita husomwa, na kuanzia hapo kinageuka kuwa kikao cha wazee. Hakuna anayekatizwa. Mdogo hatangulii kusema. Pakiwa na ubishi mkali, mwenyekiti haiti kura, huahirisha. Anajua kwamba aliyeshindwa kwa kura leo atakutwa na panga msituni kesho.

Kazi ngumu kuliko zote ni ya walinzi wa kujitolea, ambao wengi huwaita maskauti. Hutembea wawili wawili au watatu, bila bunduki, na simu ndiyo silaha yao. Hutazama alama za magurudumu, unga wa mbao, moshi wa tanuri, mitego ya waya. Wakiona jambo kubwa humpigia askari wa KFS. Wakiona dogo humaliza wenyewe, na hayo madogo ndiyo yanayochosha roho, kwa sababu mkosaji aghalabu ni ndugu. Kijana hukutana na shangazi yake amebeba kuni mbichi kwa mkanda wa kichwani. Amwambie nini? Akimwacha, kesho wote watakata mbichi. Akimpeleka kwa askari, hatakaribishwa tena katika nyumba ile, na akioa hakuna atakayesimama naye. Kwa hiyo humsalimu kwa heshima yake yote, humsaidia kutua mzigo, na neno hupelekwa kwa wazee wa kamati, ambao watamwendea shangazi nyumbani, si njiani. Aghalabu hutakiwa kuomba radhi na kupanda miche na kuitunza mpaka ishike. Anayerudia mara ya tatu huachiwa sheria.

Zamani shauri lililoshindikana lingeweza kufika kwenye kiapo cha beberu, nthenge, ambacho hakuna aliyekitania. Kamati hazitumii kiapo; waumini wasingekubali, nami nadhani ni sawa. Lakini wazee wa Njuri wanapokaa mstari wa mbele kwenye baraza la chifu kuhusu msitu, wachoma makaa huelewa.

Mtoni mambo ni tofauti, kwa kuwa mto unapita ndani ya mashamba ya watu. Mto Kapingazi unatoka ukingoni mwa msitu juu ya Manyatta, unashuka kati ya chai na kahawa, unaungana na Rupingazi karibu na mji wa Embu, na maji yake huishia Thiba na bwawa la umeme la Kamburu. Udongo unaooshwa shambani kwa mtu mmoja Manyatta unakwenda kujaza bwawa ambalo hajawahi kuliona. Kanuni zinataka ukingo wa mto uachwe bila kulimwa, mita 6 hadi 30 kwa kadiri ya upana wake. Mwenye ekari kumi haumizwi na hilo. Mwenye robo ekari, ambaye nduma zake ziko pale pale kwenye unyevu, anaambiwa aache sehemu nono ya urithi wake. Wanakamati wa WRUA hupita nyumba kwa nyumba, hukaa, hunywa chai, hueleza. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kandokando ya maji, na mabishano yalikuwa makali kwa sababu mkaratusi ni kama akiba ya mtu benki. Mahali ilipong'olewa kwa hiari, ni kwa sababu jirani aliyeaminika alitangulia kung'oa ya kwake.

Upande wa Timau, chama cha mto Ngusishi kilizaliwa katika ukame na ugomvi kati ya watu wa juu na wa chini, wakulima wadogo na mashamba makubwa ya maua. Walichofanya ni kukubaliana kugawana maji kwa zamu wakati wa kiangazi na kila mmoja kukaguliwa na mwenzake. Mtu aliyekulia Umeruni haoni ajabu katika mpango huo. Zamu ya maji ni jambo la kale. Mita za kupimia ndizo mpya.

Kuna jambo moja ambalo kamati zimelifanya vizuri kuliko mila, nalo ni wanawake. Njuri ni ya wanaume. Lakini anayeujua msitu kwa miguu ni mwanamke, kwa sababu kuni na maji vimekuwa kazi yake tangu utoto. Sasa yuko kwenye kamati, mara nyingi kama mweka hazina, na vitalu vingi ni vya vikundi vya wanawake. Hao ndio waliogundua mapema kwamba vilima vyote vilikuwa vinageuka kuwa mukima mtupu, ule mgrevilea unaokua haraka na kuuzika haraka. Mukima ni mti mwema shambani, ila hauwezi kuitwa msitu. Wakaanza kuotesha miti ya asili: muringa, muiri, na muuru, mwaloni wa Meru ambao asili yake ni mlima huu. Muuru unataka subira: matunda yake meusi huokotwa chini kabla tumbili hajayamaliza, huondolewa nyama, na mbegu hukaa muda mrefu udongoni kabla ya kuchipua.

Sasa nifike kwenye linaloniuma. Husemwa kwamba wazee wa zamani walifanya kazi ya jamii bure, na kwa hiyo vijana wa leo nao wafanye bure. Si kweli. Mzee wa Njuri hakulipwa mshahara, lakini faini ya fahali ililiwa na waliokaa kwenye shauri, na pombe ya asali ilimiminwa kwao kwanza. Kila daraja la wazee lilikuwa na fungu lake la nyama, na fungu hilo ndilo lilikuwa heshima yenyewe. Tumechukua nusu ya mila, ile ya kutoa, tukaiacha nusu ya kupokea. Skauti anatembea kwenye mvua ya Aprili kwa viatu vyake mwenyewe, katika msitu wa Imenti wenye ndovu, na akiumia familia yake hugharamia hospitali. Wakati huo maji anayoyalinda yanauzwa mijini kwa bili ya kila mwezi, na kuni, mbao na viazi vya msituni vinalipiwa ada.

Vyama vingine havikungoja serikali. Vimetenga sehemu ya fedha za asali na za miche kwa ajili ya buti, makoti ya mvua na bima ya afya ya maskauti, na hesabu husomwa mbele ya wanachama wote. KFS na kaunti za Meru, Embu na Tharaka Nithi zinaweza kuanzia hapo hapo, kwa kurudisha sehemu ya ada za msitu na maji kwenye kamati kabla hazijamezwa na matumizi mengine, na kuandika kabisa katika bajeti fungu la mlinzi ni kiasi gani.