Kitabu kimehamia kwenye simu. Je, haki ya mwandishi imehama nacho?

Mwalimu wa sekondari aliyeko Nkoma, wilayani Itilima katika Mkoa wa Simiyu, akihitaji riwaya iliyotajwa kwenye muhtasari wa Kiswahili ana njia mbili. Ya kwanza ni kuagiza nakala kutoka Mwanza au Dar es Salaam, ikapakiwa kwenye basi hadi Bariadi, kisha ikatafutiwa bodaboda. Ya pili ni kuuliza katika kundi la walimu la WhatsApp, na kabla chai yake haijapoa akawa ameletewa kitabu kizima, kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Njia ya kwanza itamla fedha na siku kadhaa. Ya pili itamla sehemu ndogo ya bando lake. Tukiwa wakweli wa nafsi zetu, hatuna sababu ya kushangaa akichagua ya pili.

Simiyu ni mkoa mchanga, ulioanzishwa mwaka 2012, na sensa ya 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 2, wengi wao wakulima wa pamba na wafugaji. Katika vituo vya biashara vya namna ya Nkoma duka linaloitwa la vitabu huwa kwa hakika ni steshenari: madaftari, kalamu, bahasha, vocha, na mashine ya kutoa kopi pembeni. Kitabu chenyewe, cha kusomwa na mtu mzima kwa hiari yake, ni nadra kukikuta. Basi ikiwa simu imekifikisha kitabu mahali ambapo lori la mchapishaji halikuwahi kufika, je, tuilaani simu? Na ikiwa aliyekiandika kitabu hicho hakupata hata shilingi moja katika safari hiyo, je, tuishangilie?

Kabla ya kujibu, yafaa tukumbuke kwamba biashara hii imekwisha kugeuzwa sura mara nyingi. Katika Baghdad ya zama za Bani Abbas, baada ya karatasi kuenea, palikuwa na soko zima la watu walioitwa warraqin. Mmoja wao alikuwa mnakili, mfungaji jalada, muuza karatasi na muuza vitabu kwa wakati mmoja. Ibn al-Nadim, aliyetunga orodha mashuhuri ya vitabu iitwayo al-Fihrist mwaka 377 Hijria (987), alikuwa mtu wa kazi hiyo hiyo. Imesimuliwa pia kuwa al-Jahiz alikuwa akikodi maduka ya warraqin ili alale humo na kusoma usiku kucha. Kwa maneno mengine, kusoma bila kununua si uvumbuzi wa kizazi cha WhatsApp, ila tofauti moja ni kubwa: al-Jahiz alilipa kodi ya duka.

Kisha ukaja mtambo. Misri ilipata kiwanda cha Bulaq mwaka 1820, na huku kwetu Sultan Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alileta mtambo wa kuchapa uliotoa vitabu vya fiqhi ya Kiibadhi. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti lake la al-Islah mwaka 1932. Unguja, nyumba ya biashara ya Mulla Karimjee ilichapa vijitabu vya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ambaye tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili ilitolewa na Islamic Foundation ya Nairobi mwaka 1969. Wengi wa rika letu tulianza kusoma kwa vijitabu vya aina hiyo, vyenye jalada jepesi na wino uliobaki vidoleni. Baadaye zikaja kanda za mawaidha, zikafuata santuri, na leo zote zimo ndani ya simu.

Ama katika Tanzania, habari ya uchapishaji haikamiliki bila ya kutaja Tanzania Publishing House, iliyoanzishwa mwaka 1966. Ndiyo iliyoshirikiana na wachapishaji wa London mwaka 1972 kukitoa kitabu cha Walter Rodney juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Walter Bgoya, aliyeiongoza shirika hilo katika miaka hiyo, alianzisha mwaka 1991 kampuni ya Mkuki na Nyota. Kampuni hiyo ndiyo iliyotoa, mwaka 2022, riwaya ya Peponi, ambayo ni tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya kazi ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Msomaji apime mwenyewe: kitabu cha mwana wa Unguja kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na kikamfikia msomaji wa Kiswahili katika lugha yake baada ya miaka 28.

Kwa nini wachapishaji wetu huenda mwendo huu wa kobe? Sababu moja kubwa ni fedha za vitabu vya shule. Kwa nchi zetu, kitabu cha kiada ndicho kinacholisha riwaya na diwani. Faida yake ndiyo inayomwezesha mchapishaji kuthubutu kutoa kitabu ambacho huenda kisinunuliwe. Mwaka 2013 Serikali iliivunja kamati ya kuidhinisha vitabu, EMAC, na kazi ya vitabu vya kiada ikarudi kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Ilikuwapo hoja ya haki katika uamuzi huo, kwani makosa yaliyokuwa yakionekana katika baadhi ya vitabu yaliwaudhi wazazi na wabunge. Lakini wachapishaji binafsi walibaki na vitabu vya ziada, na muuza vitabu wa wilayani, aliyekuwa akingojea Januari kama mkulima wa Itilima anavyongojea msimu wa pamba, alipoteza msimu wake. Kwa maoni yetu, jambo hili liliyaumiza maduka ya mikoani kabla simu haijayagusa.

Taasisi hiyo hiyo baadaye ilifungua Maktaba Mtandao, ambamo vitabu vya kiada husomwa bila malipo. Thamani ya kitu kama hicho ilionekana wazi shule zilipofungwa kuanzia Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Kabla ya hapo Shule Direct, iliyoanzishwa mwaka 2013, ilikwisha kuanza kuweka masomo ya sekondari mtandaoni. Hizi ni juhudi za kupongezwa. Hata hivyo, bure ya mtandaoni ina bei yake: simu janja, umeme wa kuichaji, na bando. Mtoto wa Nkoma ambaye nyumbani kwao ipo simu moja ya kitochi, nayo hutembea na baba, hajasogea karibu na maktaba hiyo.

Uchapaji wenyewe pia umegeuka, na hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui. Zamani mchapishaji alilazimika kuchapa maelfu ya nakala kwa mkupuo ili bei ishuke, kisha akae nazo ghalani zikiliwa na mchwa. Sasa kitabu huweza kuhifadhiwa kama faili, na nakala ikachapwa moja moja pale anapotokea mnunuzi. African Books Collective, umoja ulioundwa na wachapishaji wa Kiafrika mwaka 1989 na wenye makao yake Oxford, huuza kwa njia hii vitabu vya wachapishaji wengi wa bara letu, Mkuki na Nyota ikiwamo. Ni rehema kubwa kwa kitabu chenye wasomaji wachache waliotawanyika. Lakini tazama matokeo yake: mitambo hiyo na barabara za kusafirishia zipo huko Ulaya na Marekani, kwa hiyo profesa wa Chicago hukipata kitabu cha Dar es Salaam kwa wepesi kuliko mwalimu wa Nkoma. Ni kichekesho kisichochekesha.

Hapa nyumbani wauzaji wamebuni njia yao wenyewe, wala hawakungoja semina. Muuzaji huweka picha za majalada kwenye Instagram au WhatsApp. Mnunuzi hulipa kwa M-Pesa, huduma iliyoingia Tanzania mwaka 2008. Kitabu hufungwa kwenye bahasha, hupewa basi la usiku, na namba ya simu ya kondakta hutumwa kwa mnunuzi. Duka halina mlango wala kodi ya fremu. Udhaifu wake ni kuwa nauli ya kifurushi cha kitabu kimoja hukifanya kijitabu chembamba kiwe ghali mno.

Turudi kwenye ile nakala ya WhatsApp. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilimlinda mwandishi katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa upande wa fiqhi, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988 liliamua kwamba haki ya utunzi ni mali yenye thamani, inalindwa kisheria na haijuzu kuvamiwa. Wapo wanazuoni waliorakhisisha mtu kujinakilia kwa matumizi yake binafsi, hasa kitabu kisipopatikana sokoni, mradi asikifanyie biashara. Rai hiyo inaheshimika, na mwalimu wetu wa Nkoma yumkini yumo ndani yake. Ila anayekipiga picha kitabu kilichotoka mwaka huu, akakirusha kwa makundi kumi ya watu mia mia, au akakiuza kwa shilingi mia tano, huyo hatuoni rukhsa yake inatoka wapi. Hoja kwamba elimu haifichwi haimsaidii, kwa kuwa mwandishi hakuificha; ameiweka sokoni. Na kama mwenye kitabu amekitoa wakfu, hilo ni jambo jingine, kila mmoja na achukue kwa raha yake.

Lipo pia suala la usahihi, ambalo pengine linatusumbua zaidi ya fedha. Wanakili wa kale walikuwa na kazi iitwayo muqabala: nakala mpya husomwa sambamba na asili yake, neno kwa neno, kabla ya kuaminiwa. Faili zinazozunguka kwenye simu hazina muqabala. Kurasa zimerukwa, jina la mtunzi limefutwa, na mara nyingine jina la mtu asiyehusika limebandikwa. Lakini si lazima iwe hivyo. Mradi wa Tanzil, ulioanza mwaka 2007, ulifanya kazi ya kuhakiki herufi kwa herufi matini ya Kurani ya kompyuta, na humo tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani hupatikana kwa uwazi, jina lake likiwa juu. Mitambo haikatai uaminifu; watu ndio huona uvivu.

Tunawaomba wachapishaji waangalie bei ya faili. Faili halina karatasi, halina ghala wala nauli ya basi, basi lisiuzwe kwa bei ya kitabu cha jalada gumu. Likiuzwa kwa Kiswahili, kwa bei isiyozidi soda mbili, likalipiwa kwa simu na likafunguka hata bila mtandao, wengi wanaoomba kwenye makundi wangelinunua. Na walimu wa Nkoma nao, badala ya kila mmoja kuagiza kijitabu chake, wanaweza kukusanya majina na fedha zao mara moja kila muhula, likafungwa boksi moja, likalipiwa nauli moja hadi Bariadi. Steshenari yenye mashine ya kopi ndiyo inayofaa kulipokea boksi hilo, ikapata kamisheni yake, na rafu moja kati ya rafu za madaftari ikaanza kuwekwa vitabu.