Mama Aliyepasuliwa Atembee Kidogo Kila Siku

Wako akina mama wasioweza kujifungua kwa njia ya kawaida. Daktari hulazimika kumpasua mama tumbo ili kumtoa mtoto. Operesheni hii huokoa maisha ya mama na mtoto.

Mama akirudi nyumbani, jamaa humhurumia. Humwambia, "Lala, usiinuke. Mshono utafumuka." Basi mama hulala tangu asubuhi mpaka jioni. Jamaa hao wana nia njema. Lakini kulala mchana kutwa kwa siku nyingi kunaweza kumletea mama ugonjwa wa kumwua. Mama aliyepasuliwa anahitaji kupumzika. Pia anahitaji kutembea.

Kwa nini atembee?

Damu hutoka moyoni, huenda mpaka miguuni, kisha hurudi moyoni. Misuli ya miguu husaidia kuipandisha. Tukitembea, misuli hiyo hukaza na kulegea. Huikamua mishipa na kuisukuma damu juu.

Mtu akilala bila kujongea, damu ya miguuni huenda polepole. Tena damu ya mwanamke mjamzito huganda kwa urahisi zaidi. Hali hii huendelea kwa majuma 6 hivi baada ya kujifungua. Kwa hiyo donge la damu linaweza kutokea ndani ya mshipa wa mguu. Donge hilo likikatika, huchukuliwa na damu mpaka mapafuni na kuziba njia. Mama anaweza kufa ghafla.

Kutembea kuna faida nyingine pia. Mama hupumua vizuri, hupata choo kwa urahisi, na nguvu zake hurudi upesi.

Aanze lini?

Kwa kawaida mama huanza kutembea hospitalini, siku ile ile au siku ya pili. Muuguzi humsaidia. Mama asiogope. Mshono una nyuzi imara, ndani na nje. Kutembea polepole hakuufumui.

Aamke namna hii: Kwanza alale ubavu. Ateremshe miguu chini, ajiinue kwa mikono. Akae kidogo mpaka kizunguzungu kiishe. Kisha asimame. Akitaka kukohoa, akunje khanga na kuikandamiza juu ya mshono.

Nyumbani afanyeje?

Siku za kwanza atembee chumbani na uani, dakika chache tu, mara kadhaa kwa siku. Kila siku aongeze kidogo. Awe anaweza kuzungumza huku akitembea. Akishindwa kuzungumza, au maumivu yakizidi, apumzike.

Sehemu nyingi mama mzazi hukaa ndani siku 40. Desturi hii humpumzisha na kazi za shamba, na hilo ni jema. Lakini kukaa ndani si kulala kitandani. Hata humo ndani anaweza kutembea.

Kazi nzito asifanye

Kutembea si kubeba mizigo. Kwa majuma 6 mama asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Hiyo si ya mama huyu. Asibebe kuni, asilime, asitwange. Baba na jamaa wengine wachote maji na kutafuta kuni. Huo ni wajibu wao.

Dalili za hatari

Mpelekeni mama hospitali au kituo cha afya mara moja mkiona dalili hizi:

1. Mguu mmoja umevimba, unauma au una joto. Msiuchue kwa mafuta wala kuukanda. Donge linaweza kukatika.
2. Anapumua kwa shida, kifua kinamchoma, au anakohoa damu.
3. Ana homa.
4. Mshono umefunguka, unatoa usaha au unanuka.
5. Damu ya uzazi inatoka kwa wingi.

Msingoje mpaka kesho.

Operesheni nyingine

Watu waliopasuliwa kwa sababu nyingine, kama ngiri, nao mara nyingi huambiwa watembee mapema. Lakini maradhi hayafanani. Aliyevunjika mguu, kwa mfano, hawezi kutembea mpaka daktari amruhusu. Kabla ya kutoka hospitali, kila mgonjwa aulize: "Nianze kutembea lini? Nisifanye kazi gani, na kwa muda gani?"

Ndugu wasomaji, mkimwona mama aliyepasuliwa akitembea uani, msimrudishe kitandani. Mpokeeni ndoo, mwacheni atembee.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini ni hatari kulala mchana kutwa baada ya operesheni?
2. Mguu mmoja wa mama mzazi ukivimba, tufanye nini?
3. Nyumbani kwako, nani atachota maji mama akipasuliwa?