Dumu jeusi la jangwa la Sonora

Ukisikia neno akiolojia, pengine mawazo yanakimbilia Olduvai au magofu ya Kilwa. Sasa hebu jiulize: dumu la maji lililotupwa mwezi uliopita nalo je? Kwa Jason De León, hiyo ni akiolojia kabisa. Alianzia kwenye zana za mawe za Mexico ya kale, lakini mwaka 2009 akaanzisha mradi wa kuchunguza mabaki ya wahamiaji wasio na vibali, wanaotoka Mexico na kuvuka jangwa la Sonora kwa miguu kuingia Arizona, Marekani. Wanafunzi huenda kujifunza naye huko uwandani, karibu na mji mdogo wa Arivaca.

Mbinu ni zile zile. Unapima eneo, unachora ramani, unarekodi kila kitu pale kilipolala, kisha unasoma alama za matumizi: soli iliyolika, mkanda wa begi uliofungwa upya baada ya kukatika.

Tubaki na dumu. Zamani wengi walibeba yale meupe ya galoni moja, karibu lita 4. Lakini cheupe kinaonekana mbali juani, na doria ya mpakani ina macho. Wengine wakayapaka rangi nyeusi, mwishowe viwanda Mexico vikaanza kutengeneza meusi kabisa. Unaona tatizo? Kitu cheusi hufyonza joto la jua, kwa hiyo mtu anatembea siku kadhaa akinywa maji ya moto. Tena madumu mawili tu ni karibu kilo 8 mkononi, na bado hayatoshi. Halafu kamera ya kupima joto la mwili haina habari na rangi ya dumu lako! Watu si wajinga, lakini. Wanajua maji yatachemka. Wamepiga hesabu kwamba bora joto kuliko kukamatwa.

Kwa nini wapite huko? Mwaka 1994 Marekani ilianza mkakati wa kubana njia za mijini, kama El Paso na San Diego, ili wavukaji wasukumwe kwenye maeneo magumu. Jangwa likageuzwa ukuta.

Na ukuta huo unafuta ushahidi. Timu ya De León iliwavisha nguruwe waliokufa nguo za watu, wakawaacha jangwani na kutega kamera. (Nguruwe kwa sababu mwili wake huoza kwa namna inayokaribiana na wetu.) Tumbusi walishuka, na wakishaanza kula hawachelewi: zinabaki mifupa na vitambaa vilivyotawanyika. Kwa hiyo idadi yoyote ya waliokufa unayoisoma ni ya waliookotwa tu.

Wapo wanaosema vitu hivi ni takataka zinazochafua jangwa, zizolewe. Uchafu upo, kweli. Ila ukizoa bila kurekodi, umezoa na ushahidi.

Mradi huo huo una maonesho yanayozunguka nchi mbalimbali: ramani kubwa ya mpaka wa Arizona, imetundikwa vitambulisho zaidi ya 3,000 vya mochwari, vile vya kufungwa kidoleni, kila kimoja pale mwili ulipopatikana. Vinaandikwa kwa mkono na watu wa kawaida. Vya rangi ya kaki ni vya waliotambuliwa. Vya rangi ya chungwa havina jina.